Kwa nini kujitangaza mufilisi kusingeiokoa nyumba ya Bamburi

Mdaiwa wa kisa hiki ni wakala wa kutoa mizigo katika bandari ya Mombasa, mwanamume wa miaka 52. Mkewe ni mwalimu wa sekondari, watoto watatu, nyumba ya vyumba vitatu Bamburi. Januari 2025 benki ilimletea notisi ya siku 90: lipa malimbikizo, la sivyo nyumba itauzwa. Alikuwa na swali moja tu: akienda mahakamani kujitangaza amefilisika, nyumba itapona?

Kwa sheria ya Kenya, haitaponea hapo. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu, kwa sababu alikuwa na njia nyingine nne au tano ambazo hakuna aliyemweleza, na moja kati ya hizo ilimtoa. Mhusika na hesabu zake nimeviunda mimi ili hoja ionekane kwa tarakimu. Sheria na taratibu ni zile zinazotumika Kenya kweli.

Wazo la kufilisika lilitoka kwa shemeji yake anayeishi Minnesota. "Shemeji, jitangaze umefilisika tu, benki haitakugusa." Kwa aliko shemeji, ana hoja. Marekani, mtu mwenye kipato cha kawaida akiwasilisha ombi chini ya sura ya 13 ya sheria yao ya ufilisi, zuio linaanza kufanya kazi papo hapo na mnada unasimama. Kisha anapewa mpango wa miaka mitatu hadi mitano wa kulipa malimbikizo kidogo kidogo, huku akiendelea na kile cha kila mwezi. Watu wengi huko wamebaki na nyumba zao kwa njia hiyo. Kenya haina kitu kama hicho kwa nyumba iliyowekwa rehani. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya kufilisika, inawazuia wadai wasio na dhamana. Benki iliyoshika hatimiliki inakaa nje ya uzio. Inaweza kuuza dhamana yake kana kwamba hakuna kilichotokea, au ikipenda iithamini na kudai kilichopungua pamoja na wadai wengine, au iiachie dhamana na kudai deni lote kama wao. Sijui benki yenye akili timamu inayochagua hiyo ya mwisho.

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuyagawa madeni yake mafungu mawili, kwa sababu yeye alikuwa ameyachanganya yote akayaita "deni langu".

Fungu la kwanza ni nyumba. Alikopa Januari 2019, shilingi milioni 8 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 13. Wakati huo kulikuwa na ukomo wa riba uliowekwa na sheria ya 2016, pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kiwango hicho kilikuwa asilimia 9. Kila mwezi alilipa takriban Sh101,000. Ukomo uliondolewa Novemba 2019. Miaka ilipita bila kishindo, mpaka Benki Kuu ilipopandisha kiwango chake hadi asilimia 12.5 Desemba 2023 na 13 Februari 2024. Benki yake ikamwandikia kwamba riba yake sasa ni asilimia 18. Akiwa bado anadaiwa Sh6.78 milioni na miaka kumi mbele, malipo ya mwezi yalipanda hadi Sh122,000. Alilipa hivyo miezi sita, Agosti 2024 akashindwa.

Kazi nayo ilikuwa imeyumba kitambo. Amri ya 2019 ya kupeleka makontena yote Embakasi kwa reli ya kisasa, ingawa ilisitishwa baada ya maandamano, ilikuwa imeshawafundisha wateja wake wakubwa kutafuta mawakala wa Nairobi. Serikali ilipotangaza Septemba 2022 kwamba shughuli zinarudi Mombasa, mizigo ilirudi, wateja wake wawili hawakurudi. Ndipo alipoanza kukopa ili kuziba.

Huko kuziba ndiko kulikozaa fungu la pili: SACCO Sh1,150,000 yenye wadhamini wanne, wote wafanyakazi wenzake wa zamani, mkopo wa biashara usio na dhamana kutoka benki nyingine, Sh870,000, mfanyabiashara mwenzake, Sh400,000 kwa mdomo na ushahidi wa M-Pesa, na mikopo ya simu Sh64,000. Jumla Sh2,484,000. Deni la simu, dogo kuliko yote, ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, kwa kuwa wale hupiga simu. Benki ya nyumba ilikuwa imetuma barua mbili tu za heshima. Mara nyingi mambo huwa hivyo: anayepiga kelele hulipwa kwanza, anayeandika kwa upole ndiye atakayekuja na dalali.

Sasa turudi kwenye notisi, maana ndiyo saa inayohesabu.

Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mwenye rehani kuamka tu na kuuza. Mkopaji akishakaa mwezi mzima bila kutimiza wajibu, kifungu cha 90 kinataka apewe notisi ya maandishi inayotaja kosa lenyewe, kiasi hasa cha kulipa ili kosa lirekebishwe, muda usiopungua miezi mitatu, kitakachofuata asipolipa, na haki yake ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Siku hizo 90 zikiisha, kifungu cha 96 kinadai notisi ya pili, ya kuuza, ya siku 40 au zaidi, na nakala yake iende pia kwa mke au mume aliyeridhia rehani na kwa wadhamini. Baada ya hapo ndipo dalali wa mnada anapoingia. Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka ampe mwenye nyumba siku 45 nyingine za kukomboa, kisha atangaze gazetini na kungoja siku 14 tangu tangazo la kwanza. Jumlisha: 90, 40, 45, 14. Ni siku 189 hata benki ikikimbia bila kupumzika.

Alipoona hesabu hiyo alifurahi, kumbe ana miezi sita. Nikamwomba atazame hesabu ya pili. Deni lake la msingi aliposhindwa lilikuwa Sh6.65 milioni. Kwa asilimia 18, riba peke yake ni karibu Sh100,000 kwa mwezi, yaani Sh3,300 kwa siku, kabla ya faini ya kuchelewa. Kila siku anayoinunua anailipia, na fedha hizo zinatoka kwenye thamani yake mwenyewe ndani ya nyumba. Ipo kinga ya kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, tangu 2007: mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba haiwezi kupita kiasi cha msingi kilichokuwepo siku hiyo. Ni kinga ya kweli, na imewaokoa watu wenye madeni ya miaka kumi. Kwake ingeanza kufanya kazi deni likifika milioni 13 na ushei, wakati nyumba yote ilithaminiwa Sh11.5 milioni. Haikuwa na kazi kwake.

Watu watatu walimpa ushauri wa mahakamani, wote kwa nia njema. Wa kwanza alisema: mkeo aseme hakuridhia. Kweli, kifungu cha 79 kinasema rehani juu ya nyumba ya ndoa haifai bila saini au ridhaa ya mwenzi anayeishi humo, na benki zimewahi kupoteza kesi kwa hilo. Mumewe alipomgusia jambo hilo, mke alijibu mwenyewe, na sikuwa na la kuongeza: "Baba, mimi nilikaa kwa wakili nikasaini kurasa zote. Utaniapisha niseme nini?" Hapo likafungwa. Hati ya kiapo ya uongo ni kosa la jinai, na ukurasa wenye saini yake upo kwenye faili la benki.

Wa pili alisema notisi ina kasoro. Hili lilistahili kuangaliwa, kwa sababu benki hukosea. Wapo wanaodai deni zima badala ya kutaja malimbikizo, wapo wanaotuma kwa sanduku la posta lililofungwa miaka mitano iliyopita, wapo wanaosahau nakala ya mwenzi. Notisi yake ilitaja Sh657,000, miezi mitano pamoja na faini, na tarehe ya mwisho. Ilikuwa safi. Hata ingekuwa na kasoro, tuzo ya kawaida ni kuamriwa benki ianze upya. Umepata siku 90 nyingine kwa Sh3,300 kila moja, na bili ya wakili juu yake.

Wa tatu alitaka zuio la muda. Mizani ya Kenya ni ile ya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uwe na kesi inayoonekana kuwa na uwezekano wa kushinda, madhara yasiyofidika kwa fedha, na pakiwa na shaka mahakama ipime nani ataumia zaidi. Mdaiwa anayekiri deni na kukiri amekosa kulipa huanguka kwenye kipimo cha kwanza. Cha pili nacho kigumu, maana majaji wamerudia mara nyingi kwamba mtu akishaiweka nyumba dhamana, ameigeuza kuwa mali inayoweza kupewa bei, na kilicho na bei kinafidika. Unaweza kulia kwamba ni nyumba ya watoto. Mahakama itakusikitikia na kukataa. (Na kwa anayetaka kwenda: mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilisema migogoro ya rehani ni ya Mahakama Kuu, si Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuna wanaopoteza miezi wakipeleka kesi kwenye mlango usio wake.)

Sehemu niliyotaka akae nayo zaidi ilikuwa kupanga upya mkopo, kwa sababu ndiyo njia ambayo kila mtu huisifu, benki yenyewe ikiwemo. Afisa wa mikopo alikuwa tayari kumwongezea muda hadi miaka 15 mipya, malimbikizo yakiingizwa ndani. Inasikika kama ukarimu. Piga hesabu: Sh7.2 milioni, asilimia 18, miezi 180. Malipo yanatoka Sh116,000 kwa mwezi. Yaani miaka mitano ya ziada inamshushia Sh6,000 tu kutoka 122,000, kwa sababu riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni Sh108,000. Riba ikiwa juu kiasi hicho, kurefusha muda ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kinachosaidia ni kushusha riba: kwa asilimia 14, mkopo ule ule ungelipwa kwa Sh96,000. Benki Kuu ilikuwa imeanza kushusha kiwango chake tangu Agosti 2024, na hiyo ilikuwa hoja nzuri mezani. Aliitumia. Afisa alisema ataipeleka Nairobi. Nairobi haikujibu kwa wiki tano.

Lakini hata Nairobi ingekubali, fedha hazikuwepo. Yeye alikuwa akiingiza wastani wa Sh95,000, mke analeta Sh48,000 mkononi, jumla Sh143,000. Chakula, karo, umeme, matibabu ya mama mzazi na nauli vilikula Sh85,000, na hapo walikuwa wameshapunguza. Zilibaki Sh58,000. Tukajaribu njia ya kuipangisha nyumba kwa Sh55,000 na familia kuhamia ya Sh22,000. Hiyo inaongeza Sh33,000, jumla 91,000. Bado haifiki 96,000, na hapo SACCO haijalipwa hata senti. Nilimwambia wazi kwamba akitia saini ile barua ya kupanga upya, atakuwa amekubali deni kubwa zaidi ili arudi pale pale Desemba. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo nyumba imeenda?" Mkewe ndiye aliyemjibu kwamba nyumba imeenda tangu Agosti, linalobaki ni nani ataiuza.

Nadhani hapo ndipo kisa kilipogeuka. Kifungu cha 102 kinampa mkopaji haki ya kulipa deni na kuondoa rehani wakati wowote kabla mwenye rehani hajafikia makubaliano ya kuuza, na nyundo ya mnada ikishagonga haki hiyo imekwisha. Hakuna kinachomzuia kupata fedha za kulipia kwa kuiuza mwenyewe. Watu wengi hawalijui hili. Wanaona kwamba benki ikishatoa notisi, wao hawana mamlaka tena juu ya nyumba. Wengine wanajua na wanaona aibu, wanahofia mtaa utasema fulani anauza nyumba. Mnada hutangazwa gazetini na kubandikwa getini, kwa hiyo sioni hapo aibu gani iliyoepukwa.

Linganisha njia mbili. Mnada ungeweza kufanyika mapema kabisa mwanzoni mwa Agosti 2025. Deni lingekuwa limefika Sh8.05 milioni hivi. Sheria inaitaka benki ifanye uthamini wa mauzo ya lazima kabla ya kuuza na itafute bei bora inayowezekana. Bei ikishuka chini ya soko kwa robo au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Mdaiwa wetu aliisoma hiyo kama ahadi kwamba nyumba haitauzwa chini ya robo tatu. Madalali nao wanaijua, ndiyo maana bei za minada hupenda kutua juu kidogo tu ya mstari huo. Robo tatu ya Sh11.5 milioni ni Sh8.6 milioni. Iuzwe kwa 8.7, toa Sh400,000 za dalali na mawakili wa benki ambazo nazo zinabebwa na mdaiwa, toa deni. Anabaki na Sh250,000. Ana madeni mengine ya milioni mbili na nusu, na hana nyumba.

Sasa auze mwenyewe. Aliitangaza Februari kwa Sh11.5 milioni, hakuna aliyepiga simu isipokuwa madalali wa nyumba. Machi akashusha. Mnunuzi alipatikana kupitia jirani, Mkenya anayefanya kazi Doha, mwenye fedha taslimu na asiyehitaji mkopo. Hilo liliondoa mzigo mkubwa, kwa sababu mnunuzi anayekopa huleta benki ya pili na ahadi za mawakili zinazochukua wiki. Walikubaliana Sh10.6 milioni. Mkataba ulitiwa saini mwisho wa Aprili, asilimia 10 mbele, siku 90 kukamilisha.

Siku zile zile notisi ya siku 90 iliisha na benki ikatoa ile ya siku 40. Mtu aliyejificha angesubiri. Yeye alikwenda na wakili wake, mkataba mkononi, na kuomba mambo matatu kwa maandishi: benki isimwagize dalali wakati mkataba uko hai, itoe hesabu kamili ya kukomboa, na ifute faini za kuchelewa, Sh90,000. Badala yake alitoa kitu kimoja ambacho benki inakipenda: ile asilimia 10, Sh1.06 milioni, ingeingia moja kwa moja kwenye mkopo badala ya kukaa kwa wakili. Wakili wa mnunuzi alikataa, na alikuwa sahihi kukataa, maana fedha zikishaingia kwenye mkopo hazirudi mauzo yakivunjika. Alikubali baada ya benki kuandika kwamba itaachia hatimiliki na kuondoa rehani mara salio litakapolipwa. Barua hiyo moja ilichukua siku kumi na simu nyingi, na ndiyo iliyobeba mauzo yote.

Mwisho wa Julai hesabu ilifungwa hivi. Benki ilipata kwa jumla Sh7.85 milioni. Wakili Sh160,000, kodi ya ardhi ya kaunti iliyokuwa imelimbikizwa Sh120,000 (bila cheti cha kaunti hakuna uhamisho), na jirani shukrani ya Sh100,000. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, haikumhusu, kwa kuwa mtu binafsi aliyeishi kwenye nyumba yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza amesamehewa. Ukipangisha nyumba na kuhama kabla ya kuuza unaweza kuupoteza msamaha huo, na hii ilikuwa sababu nyingine ya kuifurahia hesabu ile ya kupangisha ilipogoma. Alibakiwa na Sh2.37 milioni.

Fungu la pili lilikuwa bado linamngoja, na hapa ndipo sheria ya ufilisi ilipostahili kujadiliwa kwa uzito, kwa sababu madeni hayo inayaweza. Kama nyumba ingepigwa mnada, ningemshauri aitazame sana. Angekuwa na njia ya kuomba amri ya kulipa kwa mafungu kupitia Mpokezi Rasmi, ofisi iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS), kama jumla ya madeni iko ndani ya ukomo unaoruhusiwa. Angeweza kupeleka pendekezo la makubaliano kwa wadai wote kupitia mtaalamu wa ufilisi aliyesajiliwa, walipwe sehemu kwa muda fulani. Kuna pia utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote, ambao mwenye nyumba hawezi kuuingia. Na mwisho kuna amri ya kufilisika yenyewe: mali zinahamia kwa msimamizi, isipokuwa vitu vya lazima vya nyumbani na zana za kazi, wadai wanasimamishwa, na kwa kawaida, miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya fedha, mtu anafunguliwa na madeni mengi yanafutika, yakiwemo hayo ya simu yanayopiga kelele. Katika muda huo hawezi kugombea ubunge. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamkataza, kama kuna anayejali.

Kilichoondoa njia hiyo kwake ni wadhamini wa SACCO. Mdaiwa akifunguliwa na sheria ya ufilisi, mdhamini hafunguliwi. SACCO ingegeukia akiba za wale wanne, mmoja wao akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Waswahili husema dawa ya deni kulipa. Mtu mwenye madeni matano anahitaji pia kujua alipe lipi, na hapa walitangulia waliomwamini. Yeye alikuwa na akiba ya Sh480,000 kwenye SACCO hiyo. Alijiondoa uanachama, akiba ikakatwa kwenye mkopo, zikabaki Sh670,000, akazilipa zote siku moja na kuchukua barua nne za kuwaachilia wadhamini. Alizipeleka mwenyewe kwa mkono.

Benki ya pili ilipewa Sh870,000. Nilitaka aiombe ipunguze, kwa kuwa mkopo usio na dhamana uliolala miezi minane hupunguzika ukija na fedha za kulipa mara moja. Hakutaka, alisema amechoka kusemezana na benki. Ni haki yake, ingawa naamini aliacha laki moja mezani. Mfanyabiashara mwenzake alipata Sh400,000 zake, mikopo ya simu Sh64,000. Baada ya yote alibaki na Sh366,000. Kwa njia ya mnada, baada ya kutumia zile Sh250,000 na akiba ya SACCO, angekuwa bado anadaiwa Sh1.75 milioni. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni zaidi ya milioni mbili, kwa nyumba ile ile, na benki ile ile.

Familia ilihamia Kisauni, nyumba ya kupanga ya Sh22,000. Kwa Sh58,000 zinazobaki kila mwezi, kodi inalipika.

Kilichobaki ni CRB, taasisi zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Benki zote mbili zilikuwa zimeshamripoti, na rekodi ya mkopo ulioshindikana hukaa miaka mitano tangu siku ulipolipwa, hata ukilipwa wote. Haifutiki kwa kuomba. Kinachowezekana ni kuhakikisha inasomeka kwamba umelipwa, na hilo halitokei lenyewe. Aliomba ripoti yake kutoka kwa taasisi zote tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, mwezi mmoja baada ya kulipa. Mbili zilikuwa sahihi. Ya tatu bado ilionyesha mkopo wa biashara unadaiwa Sh870,000. Ameipeleka barua ya benki ya kuthibitisha malipo, nakala amebaki nayo, na anangoja isahihishwe.